Mtoto Aliyezikwa Akiwa Bado Tumboni

Wadogo zangu wa leba, siku mliyoniaga nilipewa vitenge, ndoo na keki, na muda wangu wa kusema ukaliwa na hotuba za wakubwa. Mkaniambia, "Mama Otilia, basi tuandikie." Haya, naandika, hapa nyumbani Mlabani, bata wakinipigia kelele dirishani. Vyeo sitavitaja. Aliyepanda anajua alivyopanda, na aliyebaki chini anajua zaidi. Nitawaeleza nilivyoanza, halafu nitawaeleza habari ya Minza, kwa sababu wengi wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Nilikuja Ifakara kutoka upande wa Mahenge, msichana mwenye cheti kipya na godoro lililofungwa kamba. Siku hizo mto tulivuka kwa kivuko, daraja lilikuwa halijajengwa. Wodi ya wazazi ilikuwa chini ya Mama Kunigunda, Mndamba mfupi, mpole wa sauti, ambaye hata madaktari walipunguza mwendo wakimkaribia. Alinitazama viatu, akanitazama kucha.

"Umekuja kuzalisha?"

"Ndiyo, mama."

"Bado. Kwanza utasikiliza."

Akanipa ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto. Nikadhani nitapelekwa kwa mjamzito. Hapana. Akamwita mama mmoja mfanya usafi, akamlaza kitandani, mwanamke asiye na mimba kabisa, akaniambia niweke pembe tumboni pake.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Sikiliza tena."

Nikainama mpaka shingo ikaniuma. Nikasikia damu yangu mwenyewe masikioni, nikasikia matumbo yakisaga, na mbali chini kitu kama maji yanayopita chini ya sakafu. Mfanya usafi alikuwa anacheka kimoyomoyo, tumbo likitikisika.

"Hivyo ndivyo tumbo tupu linavyosema," Mama Kunigunda akasema. "Ukilijua hilo, hakuna tumbo litakalokudanganya."

Katika yote aliyonifundisha, hilo peke yake halikuwa kweli.

Kupima njia ya uzazi alinifundisha kwa uvumilivu wa ajabu. Vidole viulize, alisema, visiamuru. Na ukigusa kitu usichokijua, simama hapo hapo, usisukume, usijifanye unakijua. Nimewaona wengi wakiharibikiwa kwa kusukuma. Kwa miaka mingi niliuliza kwa vidole na mara nyingi nilijibiwa yale yale: njia imefunguka, njia haijafunguka, mtoto kalala vibaya. Wazazi waliletwa kwa baiskeli, kwa pawatila lililotoka kuvuta magunia ya mpunga, baadaye kwa bodaboda. Wasukuma walipohamia bondeni na ng'ombe wao nikajifunza salamu zao, maana mtu anayeumwa uchungu akisalimiwa kwa lugha yake hulegeza magoti. Baadaye mashine ya ultrasaundi ikaja, na nikaona kwa macho yale niliyokuwa nayasikia. Nilidhani nimeshayaona yote yaliyomo humo ndani.

Minza alikuja asubuhi moja ya masika, siku ya kliniki. Benchi lilikuwa limejaa, ila mwisho wake alikaa mwanamke mmoja kijana mwenye mkoba mapajani, na kati yake na wenzake palibaki nafasi ya watu wawili au watatu. Wengine walikuwa wamesimama. Hakuna aliyetaka kukaa pale.

Nikamwita ndani.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hii ni mimba ya ngapi?"

Akatazama sakafu. "Sijui niihesabuje. Mtoto wangu alikufa. Tulishamzika." Akaweka mkono ubavuni kushoto. "Ila anacheza."

Katika kazi yetu hutakiwi kushtuka usoni. Nikavuta kiti, nikamwambia anieleze toka mwanzo.

Alikuwa ameolewa upande wa Mbingu, kwenye boma la wafugaji. Mumewe, Masanja, wakati ule alikuwa mabondeni na ng'ombe. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ikiwa bado changa akapata maumivu makali, akatokwa damu, na katika ile damu kikatoka kipande cha nyama. Mama mkwe wake ndiye aliyekipokea. Wakampeleka zahanati moja ya njiani, akapimwa, akaambiwa mimba imetoka, akasafishwa, akaambiwa kizazi sasa ni kitupu. Mama mkwe akakizika kile kipande nyuma ya nyumba kama anavyozikwa mtoto. Mambo yakaisha.

"Halafu tumbo likaendelea kukua," Minza akasema. "Nikajiambia ni uvimbe. Halafu likaanza kugonga."

Kule bomani watu wakaacha kula naye. Walisema amebeba maiti isiyokubali kuzikwa. Mganga mmoja akasema ikitoka hai isiingizwe nyumbani, ni heri itolewe kabla.

Minza akafungua mkoba, akatoa chupa ya soda yenye maji meusi.

"Nimepewa hii ninywe. Sijainywa. Nesi, wewe niambie. Kama ni maiti, nikainywe. Kama ni mtu, niambie ni mtu."

Mlangoni alisimama mwanamke mtu mzima, mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Hakuvuka kizingiti.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimia.

Akaitikia kwa adabu, kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Nesi, mimi nimezaa na nimezika. Ninakijua nilichokizika kwa mkono wangu. Hicho kilichomo humo sikijui." Huyo alikuwa Mama Masanja, mama mkwe wake.

Nikamlaza Minza. Nikaweka pembe upande wa kushoto, na moyo wa mtoto nikausikia kabla sijatulia vizuri: wa haraka, wazi, wenye nguvu. Nikahamia kulia. Kulia palikuwa kimya, ukimya ule ule niliofundishwa siku ya kwanza. Lakini chini ya kiganja changu palikuwa na kitu. Kigumu, cha duara, kimejificha ubavuni mwa kile kikubwa. Nikiwa nimekishika, kikajikaza chenyewe. Kikakaa hivyo kidogo, kisha kikalegea.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, kliniki imejaa watu, jua linawaka dirishani, na nywele zilinisimama.

"Ni mtu," nikamwambia Minza. "Moyo wake unapiga. Hiyo chupa nipe mimi."

Akanipa, na machozi yakaanza kumtoka yenyewe. Nikaimwaga ile dawa kwenye sinki. Harufu yake ilikaa humo wiki nzima, na wafanya usafi walinilaumu.

Nikamwita Daktari Chogo, aliyekuwa na zamu ya wazazi. Huyu mlimkuta, mnamjua: haongei sana na hapandishi sauti. Akaniambia nimpime Minza kwanza mimi, kwa kuwa alishanizoea. Nikavaa glavu, nikaanza taratibu. Kidole kikaenda, kikakuta ukuta. Ukuta mwembamba, umesimama katikati ya njia kama pazia la nyama. Nikasimama hapo hapo. Nikarudi, nikaanza tena kushoto kwa ule ukuta. Nikafika kwenye mlango wa kizazi, laini, umefungwa vizuri kama inavyotakiwa kwa mjamzito. Nikarudi tena, nikapita kulia. Nikafika kwenye mlango wa kizazi.

Fikirini mtu aliyekaa kwenye nyumba moja miaka yote. Siku moja anapapasa ukuta wa korido, anakuta mlango ambao haukuwahi kuwapo.

"Umekuta nini, mama?" daktari akauliza.

"Milango miwili."

Hakucheka. Akavuta mashine.

Kwenye kioo, kushoto alikuwamo mtoto mzima, mguu juu, mkono karibu na mdomo. Daktari akasogeza kile kichwa cha mashine pole pole kwenda kulia. Mtoto akaondoka kwenye picha, pakawa na kijivu kitupu, kisha kikatokea kizazi kingine. Kamili. Kina kuta zake, kina chumba chake, na ndani hamna mtu. Daktari akaenda mpaka mgongoni kutafuta figo, maana alisema mambo haya mara nyingine huongozana. Akatafuta sana. Figo ilikuwa moja. Mwili uliompa vizazi viwili ulikuwa umemnyima figo ya pili.

Alitueleza wote, na Mama Masanja akiwa amevuka kizingiti sasa, kwa sababu alikitaka kile kioo akione. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, alisema, kizazi chake huanza kama mirija miwili midogo, mmoja huku na mmoja huku. Mirija hiyo husogeleana, ikaungana katikati, na ule ukuta wa kati ukayeyuka ili kiwe chumba kimoja. Kwa wachache haikutani. Kila mmoja unakua peke yake. Hakuna aliyelaaniwa wala aliyekosea. Mwanamke huzaliwa hivyo, akakua hivyo, akaolewa hivyo, na asijue.

"Mimba ikaingia kushoto," akaendelea. "Lakini cha kulia hakikujua kama hakikuchaguliwa. Kilisikia habari ya mimba mwilini, nacho kikatandika kitanda. Kitanda kile ndicho kilichotoka na damu. Na waliposafisha, kifaa kilipita mlango wa kulia. Kushoto hakikufika."

Mama Masanja alikuwa bado anakitazama kioo.

"Sasa nilizika nini?"

"Kitanda, mama. Hakikuwa mtoto."

"Kilikuwa na umbo."

"Ndiyo. Hutoka na umbo la chumba chenyewe."

Mtoto kwenye kioo akageuka, akatupa mgongo.

"Nilikiimbia wakati wa kukizika," Mama Masanja akasema.

Akatoka, akapanda bodaboda, akaondoka bila kumgusa mkwewe.

Tukamweka Minza kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito. Vizazi vya namna hii ni vyembamba, mtoto hukosa nafasi ya kugeuka, na uchungu hupenda kuja mapema. Mbingu ilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope tupu. Habari yake ilimtangulia, sijui nani aliileta. Kitanda cha jirani yake kilihamwa. Mama mmoja wa Kiberege ndiye pekee aliyekubali kulala karibu naye. Alisema kwao mpunga umeliwa na panya na mumewe ni mlevi, kwa hiyo maiti inayocheza haimtishi.

Nilikuwa nampitia kila mara. Siku moja nikamkuta amekaa, mkono mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Nesi, huyu wa kulia anajibu."

"Kulia hamna mtu, Minza. Umeona mwenyewe."

"Najua hamna. Lakini anajibu."

Nikaweka mikono yangu juu ya yake. Mtoto akapiga teke kushoto. Pakatulia. Kisha kulia pakajikaza, pakawa pagumu kama ngumi, pakaachia. Tukatazamana. Nikamweleza kwamba ni damu moja na homoni moja, msuli mmoja ukiamshwa na wa pili huamka. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Nilipofika koridoni niliona nimejishika tumbo langu.

Uchungu ulianza mchana, mvua ikipiga bati mpaka tukazungumza kwa kupaza sauti. Ulikuwa umewahi, mtoto alikuwa bado hajatimiza miezi. Tumbo la Minza lilikuwa limegawanyika kwa juu, na vilima viwili vilipanda kwa zamu: kushoto, kisha kulia. Muuguzi mmoja kijana aliingia, akaona, akatoka. Sikumlaumu. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, mdogo, na nafasi hakuna. Daktari Chogo akasema tusisubiri, twende chumba cha upasuaji.

Nilisimama karibu na meza, kitambaa cha kupokelea mtoto mikononi. Akafungua. Akatoa mtoto wa kike, mwembamba, wa rangi ya majivu, asiyelia. Nikampokea, nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikamfuta tena. Mvua ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo sikusikia alipoanza. Niliona mdomo umefunguka. Niliinama ndipo nikasikia.

Nilipogeuka kumwambia daktari, nikamkuta ameacha mikono juu. Wasaidizi nao walikuwa wamesimama. Pembeni ya kizazi alichokuwa anakishona kilikuwapo kile kingine, kimepauka, ukubwa wa papai dogo. Kilijikaza. Kikaachia. Kikajikaza tena, kwa bidii, kama kinavyojikaza kizazi cha mwanamke yeyote dakika zile za mwisho. Hakikuwa na kitu ndani, na kilikuwa kinazaa.

Nimesimama vyumba vile miaka mingi. Sijawahi kuona upasuaji ukisimama namna ile.

"Tuendelee," daktari akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa yake.

Mama Masanja alikuja mvua ilipopungua. Alisimama mbali na kitanda. Akaniomba nimfunue mtoto. Akamtazama vidole vya mikono, vya miguu, masikio, kisogo. Minza alikuwa amelala, anamfuata kwa macho tu.

"Analia?" Mama Masanja akauliza.

Kama aliyeagizwa, mtoto akalia.

"Mpe mama yake anyonye," akasema, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mlangoni. Walimpa jina la Kabula, kwa ajili ya mvua. Masanja mwenyewe alikuja baadaye, akasimama na kofia mkononi, akatuambia asante kila mmoja mpaka mpishi. Wakaenda naye nyumbani. Nilikuwa na wasiwasi na nyumba ile, nikawaomba wahudumu wa afya wa kijiji wapite. Wakaniletea habari kwamba mtoto ananyonya, na kwamba bibi yake hamgusi lakini hakubali mtu mwingine amseme.

Sasa wadogo zangu, jambo hili si la kusimulia jikoni mkichota chai. Mama akitokwa damu, msimwambie mimba imetoka mpaka kioo kimetazamwa pande zote. Mama akipimwa leo akaonekana ana mimba, kesho mwingine akasema hana, msimwite mwongo, tafuteni ukuta. Wapo ambao kizazi chao ni kimoja lakini kina pazia katikati, na mimba zinatoka moja baada ya nyingine mpaka mwanamke anaitwa mchawi wa watoto wake mwenyewe. Wapo wenye nusu ya kizazi. Wapo mabinti wanaogaragara kwa maumivu kila mwezi na damu haionekani, kwa sababu mlango umefungwa na damu inajaa ndani. Nimeletewa mmoja aliyekuwa ameombewa pepo mpaka sauti imemkauka. Alihitaji mpasuaji, akapona. Na wapo waliozaliwa bila kizazi kabisa, nao huletwa na mama zao wakiulizwa wamekula nini. Waambieni ukweli kwa upole. Mwili ulijengwa hivyo kabla wao hawajapewa jina.

Minza alirudi mwaka wangu wa mwisho kazini. Safari hii Mama Masanja alikaa naye benchi moja, bega kwa bega, na Kabula kati yao akila muwa na kutema makapi kwenye sakafu yetu. Tukaingia kwenye mashine. Daktari Chogo akapitisha kushoto: kitupu. Akavuka kwenda kulia. Akatugeuzia kioo.

Minza alitazama kwa muda. Kisha akacheka kidogo, akaweka kiganja kulia.

"Kumbe na wewe," akasema.

Alikuwa mvulana, na yeye akawahi, akawa mdogo kuliko dada yake. Minza alipata homa baada ya upasuaji, ikawa hawezi kumbeba. Mtoto wa namna ile anahitaji kulala kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Nikauliza nani atambeba. Mama Masanja alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya blauzi.

Alikaa naye hivyo siku zote zile, amefungwa kitenge, hatoki hata jua likiwa kali. Nilipopita kupima joto nikamkuta anamnong'oneza Kisukuma, midomo ikigusa utosi. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyoyajua.

"Unamwambia nini, mama?"

"Nampa pole," akasema. "Dada yake alipoondoka, huyu alibaki peke yake mle ndani."

"Mama," nikasema, kwa sauti yangu ya kliniki, "wakati ule huyu hakuwapo. Chumba kilikuwa kitupu. Uliona."

Mama Masanja akaninyanyulia macho. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nesi, ulikuwamo?"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amefungua macho, jambo ambalo wa umri ule hawafanyi sana, na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama bibi yake. Niliandika joto lake, nikaenda kitanda kilichofuata.